NYUMBA HII NI YA NANI?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Mhariri ameniomba niiandike kama nilivyoisema, nami nimefanya hivyo.)



Katibu wetu aliponiandikia, nadhani alitarajia kwamba nitasimulia habari za uji usio na sukari, za kengele ya alfajiri, na za yule mwalimu wa zamu aliyekuwa akivua viatu usiku ili tusimsikie akija. Habari hizo ninazo tele, na baada ya chakula nitazitoa bure kwa kila mwenye kuzitaka. Lakini mimi nimekula mshahara wa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 28. Mtu aliyekaa kitini pale muda wote huo huondoka na jambo moja au mawili ambayo hayamwachi alale. Leo nataka kuwaambieni moja.

Kabla sijaanza, naomba tufanye zoezi dogo, kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Kila mwenye nyumba au shamba, tafadhali anyoshe mkono. Ahsante. Naona mikono ni mingi, na nafurahi kwamba shule yetu haikuzaa maskini watupu. Sasa, kila ambaye katika hati au karatasi ya mali hiyo ameandikwa yeye peke yake, na jina la mkewe halimo, ateremshe mkono.

Ndugu Mwenyekiti, mikono iliyobaki juu naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hicho ndicho kisa cha hotuba yangu.

MAMA NA KAHAWA

Nilifika hapa mwaka 1965 nikiwa na sanduku la bati, blanketi moja na jozi ya viatu vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu yangu. Vitu hivyo vilinunuliwa kwa fedha za kahawa. Kwetu ni milimani, na kahawa ndiyo iliyokuwa fedha yetu. Mibuni ile nilimwona mama yangu akiipalilia, akiitilia samadi, akiichuma, akiikoboa kwa mashine ya mkono, akiosha kahawa mtoni na kuianika juu ya mikeka. Mvua ilipotishia, ni yeye aliyetoka mbio kuifunika. Siku ya kuipeleka chamani, gunia lilikuwa kichwani mwake.

Lakini katika daftari la chama cha ushirika mwanachama alikuwa baba. Karani alipoita jina, aliita la baba. Fedha zilihesabiwa mkononi mwa baba. Simlaumu mzee wangu. Alikuwa mtu mwema, na sehemu kubwa ya fedha zile ilirudi nyumbani. Nasema tu jinsi mambo yalivyokuwa, nanyi wa umri wangu mnajua kwamba hayakuwa hivyo kwetu peke yetu.

Baba alifariki mwaka 1970. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa chini ya mti wakagawa mali. Shamba la kahawa likasemwa kuwa langu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kiume wa kwanza. Nilikuwa na umri wa miaka 20, na katika maisha yangu sijui kama nilikwisha kupalilia mistari kumi ya mibuni ile. Mama alikuwa ameketi kando na wanawake wenzake, mkono shavuni. Hakuna aliyemwuliza neno. Hata mimi sikumwuliza. Nilikubali, nikashukuru wazee, nikawa mwenye shamba alilolima mama yangu.

SHERIA ZILIVYOKUWA

Katika vikao vyetu husikia wenzangu wakisema kwamba haki za wake ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kutuvurugia nyumba. Naomba tuyatazame hayo kwa utulivu, maana historia haisemi hivyo.

Huko Uingereza, kwa karne nyingi mwanamke akiolewa alikuwa kama amezama. Mwanasheria wao mashuhuri, William Blackstone, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1765 kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na kwamba nafsi ya mke katika sheria husimamishwa wakati wa ndoa. Mke hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake wala kushtaki peke yake mahakamani. Fedha zake na vyombo vyake vilikuwa vya mume tangu siku ya harusi. Mwandishi mmoja, Caroline Norton, alipoachana na mumewe mwaka 1836, aligundua kwamba hata fedha alizolipwa kwa vitabu alivyoandika kwa mkono wake mwenyewe zilikuwa za mume kisheria. Alipiga kelele kwa kalamu yake miaka mingi. Mwaka 1870 Bunge lao lilikubali kwamba mshahara na mapato ya mke ni yake. Ikangoja hadi sheria ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883, ndipo mke akaruhusiwa kuwa na mali yake kamili kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tutazame pwani yetu wenyewe. Mwanamke wa Kiislamu wa Unguja, Mombasa au Lamu alikuwa na haki hiyo karne nyingi kabla ya huyo Mwingereza. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni ya mke, si ya baba yake. Mali aliyoingia nayo katika ndoa hubaki yake, na mume hana ruhusa kuigusa bila ridhaa yake. Mume akifa, mjane ana fungu lililotajwa: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumni ikiwa ameacha. Ndiyo maana wako wanawake wa pwani waliomiliki nyumba za mawe na mashamba ya minazi, na wengine wakaweka wakfu kwa majina yao. Kwa hiyo anayesema kwamba mke mwenye mali ni jambo geni katika nchi zetu, huyo hajatembea hata Pangani.

Na mila za bara je? Nazo tuzitendee haki. Katika makabila mengi ardhi ilikuwa ya ukoo. Hapakuwa na mtu, mume wala mke, aliyeweza kuiuza. Mke alipewa sehemu ya kulima, na alipofiwa alibaki pale pale akitunzwa. Mpango huo ulifaa wakati ardhi ilipokuwa nyingi na haina bei. Kisha ikaja kahawa, ikaja pamba, ikaja nyumba ya bati mjini yenye hati na wapangaji. Ardhi ikawa fedha, na fedha ikaandikwa jina la mtu mmoja. Faida yote ya mila ikamwendea mwenye jina, na ulinzi wote wa mila ukasahauliwa. Nadhani hapo ndipo tulipopotea.

Mwaka 1963 mila za urithi za makabila mengi yenye kufuata ukoo wa baba zilitangazwa na Serikali kwa maandishi. Humo ikaandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia. Lakini, Ndugu zangu, nimekaa mahakamani nimewaona wajane ambao watoto wao hawakuwatunza. Maneno mazuri hayaezeki nyumba.

SHERIA YA MWAKA 1971

Mwaka 1969 Serikali yetu ilitoa mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, Waislamu, Wakristo, Wahindu na wa mila. Ubishi ulikuwa mkubwa nchi nzima. Mwisho Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo huo.

Tuliisoma Mzumbe, kifungu kwa kifungu. Sheria ile ilisema kwamba mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuishika na kuiuza. Ilisema kwamba ndoa peke yake haigeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwenziwe. Ilisema kwamba mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba wanamokaa bila idhini ya mkewe, na mke vivyo hivyo. Kisha kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoipata pamoja kwa juhudi zao, ndoa inapovunjika. Hakimu ameagizwa aangalie mila za watu wale, madeni waliyoyakopa kwa faida yao wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo, na mchango wa kila mmoja: mchango wa fedha, wa mali, au wa kazi. Akiisha kuyapima hayo, aelekee kwenye usawa.

Neno hilo “kazi”, vijana, naomba mlishike. Nitalirudia sasa hivi, tena kwa aibu yangu.

SHAURI LA MAJI

Mwaka 1977 nilikuwa hakimu kijana katika mahakama moja ya mwanzo ambayo sitaitaja. Nilikuwa na suruali ya kupiga pasi, kalamu mbili mfukoni, na hakika kwamba najua sheria. Akaja mwanamke mmoja akiwa na hati ya baraza la usuluhishi kwamba suluhu imeshindikana. Alikaa na mumewe miaka 14. Walianza katika chumba cha kupanga, na wakati wa shauri walikuwa na nyumba ya vyumba vinne, ya matofali na bati. Mume alikuwa na kazi ya mshahara. Kiwanja kilikuwa kwa jina lake, risiti za bati na saruji zilikuwa kwa jina lake, na zote alizileta zimefungwa vizuri kwa uzi. Mke hakuwa na karatasi hata moja.

Nilimwuliza, “Mama, mchango wako katika nyumba hii ni nini?”

Akafikiri kidogo, akasema: “Bwana hakimu, maji ya kufyatulia matofali yale nilichota mimi. Kisima kilikuwa mbali na mtoto nilikuwa naye mgongoni. Sasa naambiwa niondoke. Je, yale maji hayamo ukutani?”

Watu mahakamani walicheka. Hata mimi, Ndugu zangu, nilitabasamu.

Nikashauriana na wazee wa baraza. Mmoja alisema kuchota maji ni wajibu wa kila mke, na mtu halipwi kwa wajibu wake. Nikaona amenena vema. Niliandika katika hukumu kwamba talaka inatolewa. Kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya unyumba, wala si mchango katika kupata mali. Kwamba neno “kazi” katika kifungu cha 114 ni kazi yenye kuleta fedha. Na kwamba nyumba ni ya mume aliyeijenga kwa mshahara wake. Mke nikampa kitanda, vyombo vya jikoni na nguo zake. Nikamweleza kwamba akiona ameonewa anaweza kukata rufaa ndani ya siku 45. Aliniuliza nauli ya kwenda wilayani ataipata wapi. Hilo halikuwa swali la kisheria, kwa hiyo sikulijibu.

Nataka vijana mnielewe. Sikula rushwa. Sikumjua mume yule, na wala sikumchukia mke. Mahakimu wengi wa wakati ule, hata na majaji, walikuwa na mawazo kama yangu. Wengine waliona tofauti, na Mahakama Kuu yenyewe ilikuwa imegawanyika juu ya jambo hili. Niliamua kwa moyo safi kabisa, na nikamwonea mtu.

BI HAWA MOHAMED

Miaka sita baadaye shauri kama lile lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mdai aliitwa Bi Hawa Mohamed, na mdaiwa Ally Sefu. Walioana mwaka 1971, na ndoa ilivunjwa na mahakama ya mwanzo ya Ilala mwaka 1980. Bi Hawa alidai sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama za chini zilimwambia kama nilivyomwambia mama yule wa maji: wewe ulikuwa mke tu, nyumba ni ya aliyeinunua.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa miongoni mwa majaji watatu walioketi, ilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria katika nchi hii huisoma. Ilisema kwamba kazi za mke za kutunza nyumba na familia ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia, na kwamba neno “kazi” katika kifungu cha 114 linazihusu hizo pia. Mume anayekwenda kazini huku nyuma watoto wanalishwa, nguo zinafuliwa na wageni wanapokewa, hatafuti mshahara ule peke yake.

Lakini sikilizeni mwisho wake, maana wengi huusahau. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha kwa ajili ya mradi wa familia naye akazitapanya, na kwa hiyo hakustahili nyongeza. Alishinda kanuni akashindwa shauri. Tangu siku ile wanawake wengi katika Tanzania wamepata haki zao kwa kutaja jina la mwanamke aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipoisoma hukumu ile niliirudia mara ya pili, kisha nikaenda kwenye kabati la majalada. Nikalitafuta lile jalada la mwaka 1977, nikalisoma mwandiko wangu mwenyewe. Siku 45 zilikuwa zimepita zamani. Niliulizia habari za mama yule. Nikaambiwa alirudi kwa kaka zake, kisha akahama huko pia. Sikumpata. Nyumba ilikuwa imesimama pale pale, imepakwa chokaa.

YALIYOFUATA

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Ephrahim na Pastory, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume wa ukoo ule angelivyoweza. Mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zilitamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Zilisema pia kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mmoja, na mwenziwe ameiendeleza kwa jasho lake, huyo mwenziwe naye amepata haki ndani yake.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Kwa kuwa mahakama zao zilirithi sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, ile sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 ndiyo iliyotumika kugawa mali za mume na mke Nairobi na Kisumu hadi mwaka 2013. Wakenya walipotunga yao mwaka huo, waliandika bila kuficha kwamba kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba ni mchango. Hata hivyo mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ilieleza kwamba hiyo si nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake anaouthibitisha.

Hata kwetu ni hivyo, nami sitaki kuwadanganya. Sheria haisemi kwamba kila mke aondoke na nusu. Mchango lazima uonyeshwe, na madeni nayo hugawanywa. Tena kwa upande wa mirathi bado tuna mlima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zile kanuni za mwaka 1963 zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila haibadiliki kwa hukumu. Wajane wawili waliolipeleka shauri lile walifika hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikasema kwamba haki zao zimevunjwa.

Kwa hiyo sheria imetembea kutoka siku za mama yangu. Lakini ina udhaifu mmoja ambao nimeuona kwa miaka 28: huja baada ya nyumba kuungua. Humkuta mwanamke mlangoni mwa mahakama, hana risiti wala nauli, na humwuliza mchango wake ni nini. Sisi waume tunaweza kulijibu swali hilo mapema, tukiwa bado wazima na tukiwa bado tunapendana.

MANENO YANGU KWENU

Mwenzetu mmoja aliniambia jana jioni, “Mzee, ukimwandika mke katika hati, umemfundisha kuondoka.” Nilimjibu hivi. Mashauri ya talaka niliyoyasikiliza ni mamia. Sikumbuki hata moja lililoanza kwa sababu jina la mke lilikuwa katika hati. Nakumbuka mengi yaliyoanza mke alipogundua kwamba nyumba imeuzwa na yeye anakaa ndani yake.

Naomba basi mambo matatu. La kwanza, kila mwenye hati, au hati ya hakimiliki ya kimila huko kijijini, aandike majina mawili. Mali iliyo katika majina yote mawili sheria huichukulia kuwa ni yao kwa usawa, mpaka mtu athibitishe vingine. La pili, andikeni wosia, tena mapema. Mwanamume anaona kuandika wosia ni kujitakia kifo; nimezika wengi ambao hawakuandika na walikufa vile vile, kisha ndugu zao wakaja na lori kuchukua hata makochi. La tatu, benki ikitaka idhini ya mke ili uweke nyumba rehani, mpeleke mkeo akasome, aulize maswali, ndipo atie sahihi. Usimpelekee karatasi jikoni ukamwonyesha pa kuweka dole gumba.

Msiniulize kama mimi mwenyewe nimeyafanya, kwa kuwa nitawaambia bila kuulizwa. Jina la mke wangu limo katika hati ya nyumba yetu tangu mwaka 1984. Shamba la kahawa lilinichukua muda mrefu zaidi. Mama alifariki mwaka 1996, akiwa bado anachuma kahawa katika shamba lililohesabiwa kuwa langu. Niliahirisha mwaka hadi mwaka, nikiogopa maneno ya wazee wa ukoo, mimi niliyekuwa nikiwaamulia watu wengine bila kuogopa. Baada ya mazishi niliwaita wadogo zangu wote, wa kiume na wa kike, tukaligawa sawasawa. Dada zangu wawili wana sehemu zao, na wanazilima vizuri kuliko mimi. Mjomba mmoja hakunisalimu kwa miaka mitatu. Kisha alianza kunisalimu tena.

Nanyi vijana wa leo, hamna nyumba wala shamba, kwa hiyo mnaweza kudhani kwamba maneno haya ni ya wazee. La. Fungueni masanduku yenu usiku wa leo. Tazameni shuka, daftari, sabuni na viatu. Jiulizeni ni nani aliyefanya kazi hata vitu hivyo vikapatikana, na kama jina lake limeandikwa mahali popote. Mkifika nyumbani likizo, mwulizeni. Mimi sikumwuliza mama yangu siku ile chini ya mti, na yule mama wa mahakamani aliponiuliza mimi, nilitabasamu.

Maji yale yamo ukutani, Ndugu zangu. Nimechelewa kumjibu, basi namjibu leo mbele yenu.